Malalamiko ya Bibi Dhidi ya Fuko Aliyekataa Kuingia Kwenye Mashine Yake

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Kampuni Iliyotengeneza Mashine Nyeusi ya Gemu,
Huko Huko Mliko.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: KUPORWA WAJUKUU NA MNYAMA AISHIYE CHINI YA ARDHI

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima wa afya na umekaa kwenye kiti kizuri, maana ni ndefu kidogo. Mimi ni mteja wako. Najua neno hilo linaweza kukushtua, kwa sababu fundi simu wa kibanda jirani ananiambia wateja wa mashine yenu tumebaki wachache kiasi kwamba tungeweza kuanzisha chama na wote tukapata vyeo. Basi nimeona nijitambulishe, tusije tukaishi kama wageni.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule. Siku ya Jumamosi nafunga kibanda mchana ili niwahi nyumbani, kwa sababu Jumamosi ni siku ya wajukuu. Au niseme ilikuwa. Ninao wawili, watoto wa mwanangu. Wa kiume namwita mume wangu tangu alipokuwa anatambaa, na dada yake, kwa hiyo, ni mke mwenzangu, na tunagombana kama inavyotakiwa. Wajukuu hawa wana bibi wa pili, mama mzazi wa mkwe wangu, anayekaa mtaa wa nyuma. Yeye wanamwita Bibi Bustani kwa sababu ya maua yake, na mimi Bibi Cherehani. Tulikuwa tumegawana bila ugomvi: Jumamosi kwangu, Jumapili kwake. Siku hizi Jumamosi kwake, Jumapili kwake, na mimi nabaki sebuleni nikitazamana na mashine yako. Kwa heshima zote, Ndugu Mkurugenzi, haina mazungumzo.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo:

1. Mashine yenu ina nguvu kupita kiasi.

Siku niliyosikia Bibi Bustani amenunua mashine nyeupe ya gemu, niliacha suruali ya mtu kwenye cherehani, mguu mmoja umeshonwa na mwingine bado, nikaenda dukani. Muuzaji aliniona tu akajua huyu kaja na lake jambo. Akaniambia, "Mama yangu, ile nyeupe achana nayo, ni ya kitoto. Chukua hii nyeusi, ina nguvu mara mbili." Nikamuuliza nguvu za kufanya nini. Akasema, "Za kila kitu, mama." Nikaibeba mwenyewe mpaka nyumbani, kichwa juu, nikapita makusudi mtaa wa nyuma.

Sikatai, nguvu ipo. Inanguruma, inapasha sebule joto, na picha yake ni safi hivi kwamba unaweza kuona jani moja moja la nyasi. Tatizo ni kwamba nyasi hizo ziko pembeni ya maegesho, kwenye gemu moja tu lililokuja na mashine, la kuegesha malori. Mume wangu aliyaegesha malori yote kabla chai haijapoa. Akaiweka pedi ya kuchezea mezani kwa adabu, akauliza, "Bibi, na lingine?" Nikamweleza habari za nguvu. Akafikiri, akasema, "Nguvu naiona, Bibi. Sasa tunaichezaje?" Swali hilo nalileta ofisini kwako kama lilivyo, maana mimi lilinishinda.

2. Fuko.

Kwenye mashine nyeupe kuna gemu la fuko. Ni la watu wawili. Mmoja anakuwa fuko anayechimba kutoka pango moja hadi jingine, mwingine anakuwa mjusi aliyebeba taa, na mjusi asipomulika, fuko haoni pa kuchimba, anaangukia mtoni. Basi. Ndiyo habari yote. Hakuna lori hata moja, na nyasi zimechorwa kana kwamba alizichora mtoto aliyechelewa shule. Lakini watoto wa mtaa mzima hawana wimbo mwingine. Mke mwenzangu amechora fuko kwenye daftari la hesabu. Mume wangu, aliyekuwa akija hapa anibusu shavu na kuniuliza nimemuwekea nini, siku hizi akipita ananipungia mkono kutoka barabarani, mbio mbio, kama dereva mwenye abiria wengine.

Nilirudi dukani nikaomba fuko wa mashine nyeusi. Muuzaji yule yule aliyenisifia nguvu akacheka mpaka akashika meza. "Mama, fuko ni wa kule tu. Wamemfungia." Kwamba kampuni ya mashine nyeupe imemweka fuko ndani, ikatia kufuli, na anayemtaka lazima anunue nyumba nzima. Nikaelewa hapo nilipopigwa chenga. Wenzangu hawakununua mashine hata kidogo. Walinunua fuko, wakapewa na banda la kumfugia. Mimi nimenunua banda, zuri, imara, lenye nguvu mara mbili, halafu nakaa mlangoni nasubiri mnyama.

3. Watengenezaji wa nje.

Fundi simu amenifafanulia kwamba magemu mengi hayatengenezwi na wenye mashine, bali na watu wa nje, ambao huandika gemu moja na kulipeleka kwenye mashine yoyote inayowafaa. Nikafurahi. Nikasema basi hao ndio watakaoniokoa. Nikapiga simu yenu ya huduma kwa wateja. Binti mwenye sauti nzuri akaniambia watengenezaji wa nje wako njiani. Nikamuuliza kwa sasa wamefika wapi. Akaniwekea muziki.

Ukweli nimeupata kwa fundi simu. Anasema mashine yenu ni ngumu kuiandikia, maelekezo yake hayasomeki, na mtu wa nje akiuliza mnamjibu mwaka unaofuata. Kwa hiyo hawaji. Kwa kuwa hawaji, hakuna magemu. Kwa kuwa hakuna magemu, hakuna wanunuzi. Na kwa kuwa hakuna wanunuzi, watengenezaji wa nje wanasema wanakuja kumwandikia nani, yule bibi wa cherehani? Ndugu Mkurugenzi, nimeshona maisha yangu yote lakini sijawahi kuona mshono unaojizungusha namna hiyo.

Naomba uniazime sikio. Cherehani yangu haijawahi kukataa kitambaa kwa sababu kimenunuliwa duka fulani. Wanakuja watu na vitambaa vyao, na mitindo waliyoiona kwa majirani, na picha zilizokatwa magazetini, na mimi nashona. Ndiyo maana kibanda kinajaa. Kumfungia mtu kitu ili aje kwako peke yako ni uchoyo, ni roho mbaya, na sijui ninyi wenye mashine mnalalaje.

(Mtu mwenye chuki atakwambia kwamba sare za shule ya hapa mtaani nashona mimi peke yangu kwa makubaliano na mwalimu mkuu, na kwamba mzazi akipeleka kwa fundi mwingine mtoto anarudishwa getini. Msinichanganye na hilo. Lile ni suala la ubora.)

4. Mmenilazimisha kuwa mtengenezaji wa nje mwenyewe, katika umri huu.

Mlipochelewa, niliamua kutengeneza gemu langu, linalopatikana nyumbani kwangu tu. Nikamwaga kopo la vifungo chini ya meza ya kukatia, nikafunga sumaku kwenye uzi, na sindano moja nikaificha katikati. Anayeinasa sindano bila kugusa kifungo ndiye mshindi. Nilifikiria kila kitu, hata makofi.

Walikuja, kwa huruma nadhani. Walicheza. Mke mwenzangu alishinda, mume wangu akadai amechezewa rafu, na kwa muda huo mfupi nyumba yangu ilikuwa na kelele, na mimi moyoni nikasema fuko na azikwe huko huko anakochimba. Kisha mume wangu akauliza kama gemu linakumbuka tulipoishia, ili akirudi aendelee. Nikamjibu nitakumbuka mimi. Akanitazama kwa upole, kama mtu anayetazama mashine ya kizamani, akavaa viatu.

Sindano bado sijaipata. Natembea na malapa ndani.

5. Paka.

Paka wangu hulala juu ya mashine yenu kila siku kwa sababu ya lile joto. Hili si lalamiko. Nimeona tu mfahamu kwamba yupo mtumiaji mmoja aliyeridhika. Na mimi mwenyewe naitumia nikikata vitambaa, maana ni nzito na inakandamiza pindo vizuri kuliko jiwe nililokuwa nalo.

6. Gemu la malori limerudi.

Mwezi uliopita mlitangaza kwa mbwembwe kwamba kuna gemu jipya. Nilikaa mkao wa kula. Kumbe ni malori yale yale, mmeyapaka rangi na kuongeza mvua. Kazi hiyo naijua sana. Hata mimi mteja akileta shati lililochakaa naigeuza kola, upande mbovu unaingia ndani. Tofauti ni kwamba mimi sirudishi shati nikaliita jipya, na wala siiti waandishi wa habari.

Baada ya kueleza hayo, naomba kwa unyenyekevu mkubwa yafuatayo, na unaweza kuchagua:

Kwanza, mumshawishi fuko ahame. Hata wachezaji wa mpira huhama, sembuse mnyama anayejua kuchimba.

Ikishindikana, muandike fuko wenu. Si lazima awe fuko, anaweza kuwa panya mwenye jembe. Watoto watajua, lakini watakuwa wamekwishafika sebuleni na mlango nitaufunga mimi.

Na hilo nalo likishindikana, naomba mnisaidie mwanasheria wenu, yule aliyeandika karatasi ndefu niliyolazimishwa kukubali kabla mashine haijawaka. Nataka aniandikie mkataba wa wajukuu. Nimeurahisisha: wajukuu, kama magemu, watoke kwangu kwanza, peke yangu, kwa mwaka mzima. Mwaka ukiisha, Bibi Bustani apate toleo lake, bila zile sehemu za ziada, yaani kubusu shavu na kusimulia mambo ya shuleni. Mkwe wangu atanuna, lakini kila mtu katika biashara hii amenuna na biashara inaendelea. Kama ninyi wakubwa mnaweza kumfungia mnyama ambaye hayupo, mimi nashindwaje kuwafungia watoto niliowashonea nepi kwa mkono wangu?

Nisiseme uongo, Ndugu Mkurugenzi. Roho inaniuma. Tangu babu yao afariki, hii nyumba ina sauti siku moja tu ya wiki, na siku hiyo ndiyo mliyoshindwa kuilinda kwa nguvu zenu zote mara mbili.

Nisalimie wasaidizi wako, wahandisi walioweka joto, mchoraji wa nyasi (kazi yake nimeiona, asikate tamaa), na yule binti wa simu, mwambie wimbo wake nimeshaukariri. Paka naye anasalimu.

Nabaki nikisubiri, jambo ambalo mashine yenu imenifundisha vizuri,

Bibi Cherehani,
mteja na mwanachama mwanzilishi.

Nyongeza baada ya sahihi:

Barua hii ilikuwa imeshaingia kwenye bahasha, jana Jumamosi, Bibi Bustani aliponipigia simu. Hatujawahi kupigiana isipokuwa kuna msiba, kwa hiyo nilipokea nimesimama. Akasema, "Dada, hawa watoto baba yao kawapeleka kuogelea, na mimi nimekwama pango la tatu. Sina wa kunishikia taa." Nikavuta kiti nikakaa. Akasema, "Nimejaribu peke yangu tangu asubuhi. Haichezeki peke yako."

Ilibainika kwamba wajukuu wakifika kwake nao hawasemi naye. Wanatazama runinga, yeye anatazama visogo vyao. Gemu la fuko alijifunza kwa siri ili apate cha kuwaambia. Wiki nzima hajamwagilia maua.

Nilikwenda kumwonyesha tu kwamba sina kinyongo. Kumbe mjusi ana kazi, Ndugu Mkurugenzi! Tulianguka mtoni mpaka tukacheka machozi, mama mtu mzima mwenye heshima zake akanipiga kofi la paja, na pango la tatu tukatoka, na la nne. Tangu watoto wetu waoane hatukuwahi kukaa kiti kimoja. Jioni wajukuu walifika nywele zikiwa mbichi, wakakuta mahali pao pamekaliwa. Mume wangu akaomba zamu. Tukamwambia asubiri. Akakaa katikati yetu akaanza kutuelekeza, na mke mwenzangu akanilalia begani ili aone vizuri.

Kwa hiyo maombi yangu yote naomba uyafute, na la kwanza ulifute kwa wino mzito. Mwacheni fuko alipo, mtie na kufuli la pili kama mnalo. Mkimleta kwenye mashine yangu, Bibi Bustani atacheza kwake, mimi nitacheza kwangu, na hiyo taa nitamshikia nani?