Eafoni, Dramu na Misa ya Mavuno

Jumanne, 1 Julai 2025

Mwalimu Stanley katangaza leo baada ya mazoezi ya kwaya. Dramu mpya ya parokia imefika. Atakayeonekana anafaa kwenye Misa ya Mavuno, Jumapili ya tarehe kumi na tatu, ndiye ataikalia moja kwa moja. Wagombea ni wawili. Wa kwanza Zenon, fundi seremala wa Kizwite, ambaye amepiga ngoma za kwaya yetu tangu enzi za Komunyo ya Kwanza. Wa pili mimi, Vitus, mwendesha mashine ya kusaga, ambaye nimepiga meza, ndoo, na mara moja mgongo wa shemeji.

Mtu wa kawaida angekata tamaa. Mimi ninayo siri. Wiki iliyopita Andwele, yule kijana wa Mbeya mwenye duka la vifaa vya simu karibu na stendi, alinisikilizisha muziki unaoitwa progresivu metali. Magitaa yananguruma, dramu zinakimbia, halafu katikati ya wimbo wanaacha kuhesabu nne kama sisi, wanahesabu saba, na hakuna anayepotea. Nilibaki mdomo wazi. Sijawahi kuona binadamu wanaheshimiana namna ile ndani ya kelele.

Mpango: nijifunze saba, nimwache Zenon na nne zake. Kinachokosekana ni eafoni. Kwa spika ya simu yangu ule muziki unatoka kama nyuki waliofungiwa kwenye kopo. Fransiska, mke wangu, kauliza kutoka jikoni kama kuna kitu kinaungua.

Alhamisi, 3 Julai

Nimenunua. Za bluetooth, nyeusi, zinakaa kwenye kijiboksi kinachowaka taa kama kituo cha mafuta. Zimeandikwa besi ya nguvu. Nikawaza: metali ni nguvu, besi ni nguvu, kuna swali gani tena hapo. Andwele alinishauri kwa upole nisizichukue. Nikajua anawafichia wenzake wa Mbeya bidhaa nzuri. Nikalipa haraka kabla hajazirudisha kabatini.

Besi imekula kila kitu. Gitaa sijalisikia mpaka sasa. Ile mipigo ya miguu ya mpiga dramu, inayotakiwa idondoke mmoja mmoja kama punje za mahindi kwenye ungo, yote imekuwa ugali. Ugali mzuri, sikatai. Tena sauti inachelewa. Kwenye video fimbo imeshatua, ndipo sikio linapewa taarifa.

Nikazifuata hivyo hivyo, nikipiga debe tupu mlangoni kwa mashine. Zenon akapita na mbao zake begani. Akasimama, akasikiliza kwa heshima kabisa, akasema napiga vizuri ila niko nyuma kidogo ya mimi mwenyewe. Sijui kwa nini Mungu humpa adui yako masikio mazuri.

Andwele kakataa kuzipokea. Anasema kilichokwisha kuingia sikioni ni kama mswaki.

Jumamosi, 5 Julai

Mbinu mpya. Nimemwambia Andwele kwamba kwaya nzima inataka eafoni, na mimi ndiye niliyetumwa kuchagua. Akafuta kaunta kwa kiwiko. Akafungua maboksi ambayo nadhani hata mke wake hajawahi kuyaona.

Lazima niandike ukweli: yule kijana ni profesa. Kasema usitafute eafoni yenye kelele, tafuta yenye nafasi, kila chombo kikae kwenye kiti chake. Kasema vimpira vya kuziba sikio ndiyo nusu ya kazi, vikipwaya besi yote inakimbia, vikibana unaumwa kichwa. Kasema kwa mfuko wangu niachane na za bluetooth, kwa sababu za waya za bei hiyo hiyo fedha yote imekwenda kwenye sauti, haikwenda kwenye taa. Na jaribio lake ni hili: chagua wimbo mmoja, mfuate mpiga gitaa la besi peke yake tangu mwanzo. Akikupotea njiani, rudisha kabatini.

Tukajaribu. Za kwanza besi alipotea mapema. Za pili alikuwepo ila anasikika kama yuko Muze, kule bondeni, na sisi tuko huku juu. Halafu akanipa za rangi ya kahawia, za waya, ndogo kama maharage, za bei ya chini kuliko zile za mataa. Nikafunga macho.

Nilimsikia. Nilimsikia besi, nilimsikia gitaa wa kulia na gitaa wa kushoto wakibishana kama ndugu, na katikati yao nikasikia mkono wa kushoto wa mpiga dramu ukigusa ngoma polepole sana, vipigo ambavyo hakutaka mtu avisikie. Mtu anafanya kazi nzuri namna ile mafichoni. Nikatokwa machozi. Nikausingizia upepo, maana Julai hii Sumbawanga upepo unakubali kusingiziwa.

Simu yangu haina tundu la waya. Andwele akanipa kiunganishi bure, heshima kwa kwaya. Akauliza aje lini kupima masikio ya wanakwaya. Nikamwambia siku yoyote. Watu husema hivyo, hawaji.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba, lakini mavuno hayajui sikukuu, mashine imenguruma tangu asubuhi. Nasifu eafoni zangu. Zinazuia mashine yote. Nimebaki mimi na saba. Moja mbili, moja mbili, moja mbili tatu. Siri nimeipata: ile tatu ya mwisho. Hapo kichwa lazima kiitikie, huwezi kukizuia.

Tatizo ni hilo hilo la kichwa. Mama mkwe, Mama Epifania, kafika kutoka Mpui na ulezi wake wa matoleo. Yeye ndiye hutangulia maandamano ya matoleo kila mwaka, na ulezi wake ndio hufika altareni wa kwanza. Inasemekana aliniambia huo ulezi usisagwe, niuweke tu pembeni, unakwenda kwa Bwana ukiwa mzima. Inasemekana nilitikisa kichwa kwa adabu, tena mara nyingi. Akaridhika, akaenda kumsalimia Fransiska.

Ulezi sasa ni unga. Ni unga laini ajabu, sijawahi kusaga vizuri hivi. Nilipomwambia hivyo mama mkwe hakufarijika.

Jumatano, 9 Julai

Andwele kaja. Mazoezi yanaendelea, mlango ukafunguka, huyo hapo na shati la kupiga pasi na mfuko wa vimpira vya saizi tatu. Akamwamkia Mwalimu Stanley shikamoo, akaomba sauti ya pili waanze kusogeza masikio. Mwalimu akauliza ni nani aliyeagiza. Nikaangalia mbao za paa, nikaona zimepangwa vizuri.

Aliyeniokoa ni Zenon. Kasema kijana ametoka mbali, huko stendi, si vibaya wanaotaka wajaribu. Akawa wa kwanza kujaribu. Akina mama wa sauti ya pili wakamfuata, na Andwele kaondoka anacheka. Zenon hakunitazama hata mara moja, ili nisione aibu. Inauma kushindana na mtu wa namna hii.

Kisha tukapiga, mmoja baada ya mwingine. Zenon kwanza. Nina masikio mapya sasa, kwa hiyo nikasikia ambacho miaka yote sikukisikia: mkono wake wa kushoto. Unagusa ngoma polepole pembeni, vipigo vidogo vya siri. Hakufundishwa na mtu. Nilitaka kupiga makofi, nikaikalia mikono.

Mimi nikapiga nne, safi, kwa woga. Mwalimu katoa uamuzi. Misa yote ni ya Zenon, isipokuwa wimbo wa matoleo, kwa kuwa Zenon atakuwa kwenye maandamano amebeba stuli, sadaka ya maseremala. Wimbo huo ni wangu. Nikiupiga sawasawa, dramu tutagawana nusu kwa nusu mwaka mzima. Nikiharibu, nisiiguse tena.

Jumamosi, 12 Julai

Nimeamua. Ubeti wa kwanza nne, ili wazoee. Ubeti wa pili, saba.

Fransiska kagundua, maana naambiwa nilikuwa nahesabu usingizini. Kanikumbusha kwamba waleta matoleo hucheza hatua mbili mbele, moja nyuma, pumzi, na wamecheza hivyo tangu kwa bibi zao. Kasema hakuna mguu wa Mfipa wenye hatua ya saba. Nikamweleza kwamba muziki mkubwa haumwulizi mtu miguu yake. Kaniomba, kwa ajili ya mama yake tu, nipige kama watu. Nikamwahidi nitapiga kama watu. Sikusema watu gani.

Jumapili, 13 Julai

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Kanisa limejaa mpaka nje. Mama mkwe mbele, kitenge kipya, ungo wa unga wa ulezi kichwani. Nyuma yake wenye mahindi, wenye maharage, mwenye jogoo, na Zenon na stuli yake. Ubeti wa kwanza nne. Wanakuja kama maji. Mwalimu Stanley kanitabasamia, na hilo si jambo la kila siku.

Ubeti wa pili nikafunga macho, nikaingia saba.

Ilikuwa nzuri. Naomba iandikwe mahali kwamba ilikuwa nzuri. Nikasikia kelele, nikadhani ni vigelegele, nikaongeza nguvu.

Nilipofungua macho, walio mbele walikuwa wanarudi nyuma na walio nyuma walikuwa wanakuja mbele. Mwenye mahindi alikuwa amemkalia mwenye maharage. Jogoo alikuwa juu ya kinanda. Mama mkwe alikuwa amepiga magoti bila kukusudia, na unga wake wote ulikuwa hewani. Laini, kama nilivyosema. Ulipotua, Paroko, watumishi wa altare na dramu mpya walikuwa rangi moja. Nikaacha kupiga. Kwa mara ya kwanza niliogopa kweli, si kwa ajili ya dramu, kwa ajili ya yule mama aliye chini mbele ya watu wote.

Ndipo nikasikia nne. Zenon kaweka stuli yake sakafuni, kainama, anaipiga kwa viganja. Taratibu, nzito, bila haraka. Watu wakaishika. Miguu ikakumbuka. Akamwinua mama mkwe kwa mkono mmoja huku mwingine unapiga, na mama mkwe akaweka ungo mtupu kichwani, akajinyoosha, akacheza mbele mbili nyuma moja mpaka altareni kana kwamba umejaa. Paroko akaupokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa. Kanisa zima likapiga vigelegele, safari hii vya kweli. Hata mimi.

Katika maisha yangu sijawaonea watu fahari kama nilivyowaonea wale wawili.

Jumatatu, 14 Julai

Hukumu. Dramu ni ya Zenon. Mimi nimepewa kayamba, mstari wa nyuma, kando ya nguzo. Nimeumia. Sitajifanya sijaumia.

Mama mkwe karudi Mpui. Hakuniaga. Alimwambia Fransiska aniambie kwaheri, nami nimesimama hapo hapo nimeshika mzigo wake. Nikamwomba msamaha, naye akamwambia Fransiska aniambie amesikia.

Jioni Zenon kabisha hodi. Nikadhani amekuja kunicheka. Alikuja kuuliza ile saba inakwendaje. Tukakaa kizingitini, eafoni moja sikio lake, moja langu, waya ukituvuta vichwa. Alisikiliza wimbo wote. Mwishoni akasema mpiga dramu yule lazima awe amelelewa na mama mkali. Kisha akaniuliza, mtu akishaingia saba, anarudije kwenye nne bila kuangusha watu. Nikamwambia hapo ndipo nilipokuwa sijafika. Akacheka mpaka akashika ukuta, nami nikacheka.

Alhamisi, 17 Julai

Mazoezi ya kwanza ya kayamba. Mwalimu Stanley kanikalisha chini kabla hatujaanza. Kasema nne. Kanitaka nirudie. Nikarudia: nne.

Kayamba ni chombo kilichodharauliwa bure. Kina mchanga, kina mvua, kina mambo. Ila eafoni zangu za kahawia hazitoshi tena, ni za watu wa dramu. Kayamba linaishi juu, kwenye sauti nyembamba. Nimepita kwa Andwele. Anazo za rangi ya fedha, za waya, bei ya mtu mwenye akili, na zile sauti za juu zinameremeta zote bila kuchoma sikio. Kaniuliza kwa upole kama natumwa tena na kwaya. Nikamwambia safari hii nimetumwa na moyo.

Nimezijaribu mchana kutwa mashineni. Kayamba, ukilishika vizuri, linakubali tisa.

Kupalizwa Bikira Maria ni tarehe kumi na tano Agosti. Kuna maandamano. Fransiska anasema mama yake amekwisha kukubali kutangulia, na kwamba mwaka huu atabeba mishumaa.