Barafu Isubiri Itifaki

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kijiji, Mzee Leboo, uliyekalia kiti pekee kilichobaki baada ya mimi kupewa viwili. Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa bahati mbaya hakuweza kufika, na ambaye kwa bahati nzuri nafasi yake nimeombwa kuikaimu mimi mwenyewe, nami nikakubali bila kujibembeleza sana. Waheshimiwa wajumbe wa Kamati Ndogo ya Paa, wa Kamati Kubwa ya Paa, na wa Kamati ya Kusuluhisha Kamati hizo mbili. Bwana Mifugo wetu Raymond, uliyesimama pale na kasha lako la barafu ingawa itifaki inawataka watumishi wote wakae. Wazee wangu, akina mama wa Kwedizinga, vijana. Wafadhili wetu wapendwa. Na ninyi ndama, ambao naona mmehudhuria kwa wingi kuliko wapiga kura: sopai! (Umati: "Epa!" Ndama mmoja anaitikia peke yake, kwa kuchelewa.)

Ahsanteni. Mimi, Habakuki Mhina, Mratibu Mkuu, Mshauri Mwelekezi na Msemaji wa Mradi Shirikishi wa Karavani ya Umemejua kwa Chanjo ya Mifugo, Kanda ya Handeni na Korogwe, sikuja hapa kutoa hotuba, maana wanaonifahamu wanajua kwamba si mtu wa maneno mengi (vicheko), bali nimekuja kutoa tamko, na tamko hilo lina utangulizi, sehemu kuu saba na majumuisho. (Umati unaguna. Bwana Mifugo anainua kasha juu ya kichwa ili lionekane.)

Nimeliona, Bwana Mifugo. Literemshe.

Ndugu wananchi, ugonjwa wa chambavu hamhitaji kufundishwa. Ndama anachechemea jioni, paja limevimba, asubuhi unamkuta amelala moja kwa moja. Mwaka jana ugonjwa huo uliingia katika mazizi yenu bila kualikwa, na Mama Nashilu, yule pale mbele, alibakiwa na ndama mmoja na kengele za shingoni za wale waliokwenda. (Mama Nashilu anamshika ndama wake sikio.) Inauma, mama, na mimi nimeumia kwa niaba yako katika vikao vingi. Chanjo ipo, lakini chanjo inadeka, haitaki joto, na hapa hatuna umeme, kwani nguzo ziliishia huko zilikoishia. Ndipo siku moja, nikiwa naoga nyumbani kwangu Korogwe, nikapata vizheni: kama umeme umeshindwa kuwafuata ng'ombe, friji iwafuate! Ikae ndani ya karavani, yaani nyumba yenye magurudumu, yenye kitanda cha mtaalamu na jiko la chai ya mtaalamu, na juu ya paa lake tufunge paneli za sola, ili jua, ambalo Handeni tunalo hadi la kugawia majirani, liwe mtumishi wa umma asiyeomba likizo. (Makofi. Vigelegele. Mbuzi wanakimbia.)

Sasa, katika zama hizi za soko huria, ambapo kila kitu kinaingia nchini na kila mtu ni mtaalamu wa alichonunua juzi, paneli hainunuliwi kama fungu la mchicha. Tulifanya fizibiliti stadi. Tukafanya semina ya wadau kule Lushoto, palipo na baridi, kwa kuwa ilionekana busara kulichunguza jua kutoka mahali lisipotusumbua. Tukajiuliza: tuchague paneli ngumu ya kioo, au ile nyembamba inayojikunja? Kamati Ndogo ikataka ya kioo, kwa sababu inadumu. Kamati Kubwa ikataka inayojikunja, kwa sababu mjumbe anaweza kuingia nayo kwenye basi. Takwimu zikatusaidia. Utafiti wetu ulionyesha kwamba asilimia tisini na tisa ya paneli hufanya kazi vizuri zaidi juani, na hiyo asilimia moja iliyobaki bado tunaifuatilia kwa karibu. (Sauti: "Ifuatilieni gizani!" Vicheko.)

Likaja suala la mkao. Wako waliosema paneli zilale bapa. Wako waliosema ziinuliwe kidogo, upepo upite chini yake zisichemke. Nikatoa mwongozo kwamba zielekee kaskazini, kwani huko ndiko waliko wafadhili, na si adabu kumpa mgongo mtu anayekusaidia. Je, paa litobolewe au paneli zibandikwe kwa gundi? Ukitoboa, mvua inavujia chanjo. Ukibandika, barabara zetu zitabandua kila kitu kabla hujafika Mkata. Kwa hiyo, baada ya chakula cha mchana, tuliazimia kwamba paa litobolewe, kisha matundu yazibwe kwa gundi, kisha paneli zifungwe mahali pengine. Azimio lilipita kwa asilimia mia moja na nne. (Makofi ya kamati zote tatu.)

(Bwana Mifugo Raymond: "Samahani, Mheshimiwa, barafu inayeyuka. Ikiisha, chanjo hii imekufa. Niwachome ndama sasa hivi, wewe uendelee tu na hotuba?")

Haiwezekani! Sindano ya kwanza itatoka kwenye friji ya mradi, mbele ya mpiga picha, siyo kwenye kasha linalojikojolea mbele ya wageni. Barafu isubiri itifaki. Imesubiri njia nzima kutoka Korogwe, itashindwaje kusubiri sehemu tano zilizobaki? (Maji yanachuruzika chini ya kasha. Mbuzi mmoja amerudi, anayanywa.)

Na msidhani nasema kwa kukaa mbali. Mimi pia ni mfugaji. Nina mitamba wangu wawili wa kisasa kule Makuyuni, wanalala juu ya saruji, wanasikiliza redio, nao wataipata chanjo hii hii kwa kupanga foleni kama mifugo ya mwananchi wa kawaida, isipokuwa mbele. (Minong'ono. Mzee Leboo anatazama kasha, anatazama jua, anamtazama msemaji.)

Nimeona macho yako, Mzee Leboo, hivyo naruka hadi sehemu ya saba: jinsia. Nimeelezwa kwamba kwa mila za wafugaji mjenzi wa nyumba ni mama. Yeye ndiye anayechimbia fito, yeye anasiriba paa kwa samadi, na likivuja, yeye ndiye anayepanda kuziba huku baba akitoa maoni kutoka ndani. Naipongeza mila hiyo. Ni kweli kwamba kamati zetu zote za paa zina wanaume watupu, lakini ni wanaume wenye uelewa. (Akina mama wanacheka mpaka wanashikana mabega.) Kwa heshima hiyo namwita Mama Nashilu aje hapa nyuma yangu, mnapoiona karavani imefunikwa kwa turubai, aishike kamba hii ya katani. Aishike tu. Apigwe picha, kisha arudi kwa ndama wake, kwa sababu ufunuzi kamili utafanyika siku itakayotangazwa. Karibu, mama. Hapo. Kamba hiyo. (Mama Nashilu anamkabidhi jirani ndama, anajifunga shuka kiunoni, anaipita kamba.) Mama, nimesema kamba. Mama! Huko ni juu. Mama Nashilu, teremka!

(Mama Nashilu, akipanda: "Baba, paa halikaguliwi kwa kamba. Wanawake wote hapa wanajua. Unalipanda, unalikanyaga, ndipo unalisifu.")

Hili halipandwi! Ni la kitaalamu! Lina... (Mlio wa kamba kukatika. Turubai linashuka taratibu, Mama Nashilu akiwa juu yake, mzima kabisa. Chini yake inaonekana miti ya mkonge iliyofungwa kwa kamba, imesimama kama kichanja cha kuanikia vyombo. Hakuna paneli, hakuna friji, hakuna gurudumu. Kuku anatoka na vifaranga vyake.)

(Mama Nashilu, amekaa juu ya turubai: "Hii imejengwa na mwanaume!" Uwanja mzima unaanguka kicheko. Mzee Leboo anafuta machozi kwa ncha ya shuka.)

Utulivu! Ndugu wananchi, msikitazame kisichokuwapo, tazameni dhamira! Mradi unakwenda kwa fezi, na hii ni fezi ya kwanza, yaani fezi ya umbo. Kuku yule hayumo kwenye bajeti!

(Mama Nashilu: "Raymond, mwanangu, barafu imebaki?" Bwana Mifugo: "Kipande kama cha sabuni, mama." Mama Nashilu: "Basi choma! Leteni ndama!" Watu wanakimbilia zizini, wanasukumana, wanacheka. Kamati zote tatu nazo zinashika mikia.)

Sijafunga mkutano! Mwenyekiti, warudishe! Mwenyekiti? (Mzee Leboo amekwenda na kiti chake.) Sawa. Tunaendelea kwa mfumo wa masafa. Jua letu! (Kutoka zizini: "Linayeyusha!") Paa letu! ("Halipandwi!") Karavani yetu! ("Ina vifaranga!") Maendeleo! (Ndama analia kwa sindano.)

Nimalizie kwa shukrani, maana mtu muungwana hashuki jukwaani bila kushukuru. Namshukuru fundi Fabiani wa Mazinde, aliyetukatia miti ya mkonge na kuisimamisha jana jioni kwa uadilifu mkubwa. Namshukuru mwenye turubai, ambaye anaomba lirudi kabla mvua haijanyesha. Nawashukuru wajumbe kwa kuchagua, kwa umakini wa hali ya juu, paneli ambazo hatukuwahi kuziona, kwa ajili ya paa ambalo hatukuwahi kuwa nalo. Na kipekee kabisa nawashukuru wafadhili wetu, ambao bado hatujawaandikia, na ambao majina yao hatuyafahamu. Yeyote anayemjua hata mmoja naomba anione faragha.

Bwana Mifugo, kabla hujafunga kasha. Neno dogo, nje ya hotuba. Wale mitamba wangu. Makuyuni nako chambavu kimeanza kusikika, na wale wanyama, niseme ukweli, nawapenda. Nitengee dozi mbili.

(Bwana Mifugo Raymond: "Dozi zimebaki, Mheshimiwa, ila barafu imekwisha. Hizi ni za kumwaga. Ungeniruhusu nilipoomba, zingetosha wote.")

(Mama Nashilu, mkono wake kwenye shingo ya ndama aliyechanjwa, anaita kutoka zizini: "Usijali, baba! Subiri friji!")

Ahsanteni sana kwa kunisikiliza.