Runinga Saa Moja Tu

Jumatano, 19 Juni 2024

Nimeaibika. Baada ya swala ya alasiri Ustadh Abdalah amenishika mkono nje ya msikiti na kunieleza habari za mwanangu Mudrick, kwa upole unaoumiza kuliko makaripio. Leo chuoni, madrasani kwake, ametakiwa asome Suratul Fil. Amefumba macho, akavuta pumzi, akasoma tangazo la sabuni ya unga. Lote, pamoja na wimbo wake. Wenzake wakaitikia.

Jirani yangu Bashiru alikuwa karibu yetu anavaa ndala. Ndala hazifungwi kamba, lakini alizivaa muda mrefu sana. Kisha akasema wanawe wanakaribia kumaliza Juzuu Amma, alhamdulillahi.

Shule zimefungwa, na hapo ndipo penye balaa. Yasmin yuko darasa la sita, Mudrick la tatu, Twalha hajaanza. Runinga inawashwa kabla ya chai na kuzimwa na watu wa umeme wanapokata.

Nimetangaza kanuni wakati wa chakula. Kuanzia kesho, runinga saa moja tu. Mke wangu Sihaba ameendelea kumtolea Twalha miba ya samaki. Mama mkwe, Bi Mwanawetu, aliyekuja kutoka Chumbi kutibiwa macho na kuambiwa ayapumzishe, ameuliza kama kanuni inamhusu na yeye. Mkwe hajibiwi ovyo. Nimesema samaki ni mtamu.

Alhamisi, 20 Juni

Nimeamshwa na katuni. Yasmin amenieleza kwa adabu zote kuwa nilisema saa moja, na sasa ni saa moja. Nikasema nilikusudia muda wa saa moja. Akauliza mbona sikusema hivyo. Nikamtaka mama mkwe awe shahidi. Amesema yeye alielewa saa moja ya asubuhi, ndiyo maana amewahi mkeka.

Na kwa kuwa sikutaja saa ya kuzima, hawakuzima.

Kabla ya kwenda dukani kwangu, ninapouza spea za baiskeli, nikaichimbia rimoti ndani ya gunia la mchele. Nimerudi jioni, runinga inanguruma. Kumbe chini ya kioo kuna kitufe, na Twalha anakibonyeza kwa mswaki wake. Runinga nimeinunua mimi na sikujua kama ina kitufe.

Nimeitafuta rimoti gunia zima. Haionekani. Mama mkwe ameona nakoroga mchele, akaniuliza kama hatuaminiani. Mchele ameuleta yeye.

Ijumaa, 21 Juni

Leo nimetumia akili. Wote wakiwa uani, nimechomoa waya nyuma ya king'amuzi, nikaurudisha karibu na tundu lake, usijulikane. Walipoingia nikatangaza msiba: chombo kimekufa. Nikaweka uso wa huzuni.

Watoto wameupokea msiba vizuri. Mama mkwe hakuupokea. Ana tamthilia yake ya Kituruki, iliyotiwa Kiswahili, na leo ndiyo siku ya kujulikana mtoto ni wa nani. Machozi yamemtoka, na macho yenyewe ni yale ya dawa. Sihaba akanitazama.

Nimekwenda swala ya Ijumaa. Kurudi, fundi Hemedy yuko sebuleni, ameitwa na mama mkwe mwenyewe.

"Mzee, huu waya haukukatika," ameniambia mbele ya nyumba nzima. "Umechomolewa."

Nikasema labda panya. Hemedy akasema hajapata kuona panya wa kuchomoa bila kutafuna. Kisha, kwa wema wake, akapanda juu ya bati na kuligeuza dishi. Sasa tuna chaneli ambazo hatukuwa nazo. Mojawapo ni ya katuni, mchana na usiku, haina hata taarifa ya habari.

Nimemshukuru. Ningefanya nini?

Jumamosi, 22 Juni

Ukitaka kuua mti, ng'oa mzizi. Nimesema runinga inanuka kuungua. Mama mkwe akainusa, akasema hasikii kitu. Nikasema pua yangu imezoea vyuma. Nimeifunga kwenye shuka, nikaipakia kwenye baiskeli pamoja na king'amuzi, nikasema naipeleka kwa fundi mkubwa Ikwiriri.

Nimeipeleka dukani kwangu, hapa hapa Kibiti. Kwa bahati, mwenye kibanda cha kuonyeshea mechi, kinachopakana na duka langu, aliniazima waya wa dishi lake.

Nimeiwasha ili nihakikishe tu kwamba barabara haikuiumiza. Ilikuwa saa ya ile tamthilia. Mtoto si wa tajiri. Mtoto ni wa dereva, na tajiri anajua, na mama yake tajiri anajua kwamba anajua. Mteja mmoja wa Dimani alitaka mnyororo. Nimemwomba asubiri kidogo. Alipochoka kusubiri alikaa, na alipokaa hakuondoka.

Bashiru akapita. Akasimama mlangoni na kutazama runinga, shuka, na mimi. Akauliza Ikwiriri siku hizi imehamia Kibiti? Wanangu walishamwambia runinga iko kwa fundi.

Jumapili, 23 Juni

Sitaki kuikumbuka siku hii, lakini naiandika.

Nimerudi mchana kula. Nyumba tupu. Sihaba alikuwa kwa dada yake tangu asubuhi, na alijua watoto wako na bibi yao. Bibi hayupo. Watoto hawapo. Jiko baridi.

Nikakumbuka bwawa. Tangu mafuriko ya masika maji hayajatoka kule nyuma ya mashamba ya mpunga, na watu wanasema kuna mamba aliyepotea njia ya kurudi mtoni. Watoto wasio na runinga watakwenda wapi? Nimekimbia. Ndala moja imebaki kwenye tope, nikaiacha. Nimewaita majina mpaka sauti ikakauka. Bwawani kulikuwa na korongo wawili na mwanamke anafua, akaniambia hajaona mtoto yeyote. Nilimwahidi Mungu mambo mengi.

Nimerudi nikipita mlango kwa mlango. Bashiru ametoka anajipangusa mdomo.

"Unatafuta nini, Baba Yasmin?"

"Wanangu."

"Wako kwangu. Karibu, tunamalizia."

Wote watatu walikuwa mkekani kwake, wameshiba wali na kambale. Mama mkwe amekalia kiti chenye mto. Runinga ya Bashiru ni pana kuliko dirisha langu.

Bashiru akasema kwa sauti ya kusikika barabarani kwamba mtoto wa mwenzio ni wako. Nilitaka kumkumbatia na kumpiga. Nikamwomba maji.

Jumatatu, 24 Juni

Runinga imerudi nyumbani. Nimesema imepona.

Sihaba amesubiri watoto waende chuoni, akaja kukaa mbele yangu.

"Kwa Bashiru nako wanawe wanatazama," alisema. "Lakini kwanza wanamsomea. Anakaa nao, anatazama nao, wakimaliza anazima, wanatoka wote nje. Basi."

Nikasema Bashiru ana nafasi.

"Mudrick anataka umsikilize sura yake tangu juzi. Kila akikutafuta, uko nyuma ya runinga na nyaya."

Mudrick aliporudi kutoka chuoni nikamwita. Alisimama, akafumba macho, na mimi nikajiandaa kwa sabuni. Akasoma Suratul Fil tangu bismillahi mpaka mwisho, bila kukwama. Nikamwambia arudie, nikasingizia sikusikia vizuri.

Halafu tulicheza mdako uani. Yasmin ametushinda sote na hakujaribu hata kuficha furaha yake. Twalha amelala juu ya mguu wangu, mguu ukafa ganzi, sikuutoa. Hakuna aliyeulizia runinga.

Jumanne, 25 Juni

Ushindi. Tangu asubuhi hakuna mtoto aliyegusa kitufe. Wako uani wanacheza.

Nimetafakari na kuona sababu. Ni ule waya. Waya, rimoti na safari ya dukani, vyote kwa pamoja, vimewavunja nguvu taratibu bila wao kujua. Sihaba nimemweleza, akaenda kuanika nguo ambazo zilikuwa zimeshaanikwa.

Ustadh Abdalah amesikia Mudrick alivyosoma leo chuoni, ameniomba niseme na wazazi wenzangu baada ya swala ya Ijumaa. Nimekubali. Nitaanza na namna ya kuchomoa waya usijulikane. Bashiru nitamweka mbele, asikie vizuri.

Naandika haya sebuleni, na mama mkwe ameniachia nusu ya mkeka. Dereva ameandika barua ya kuacha kazi. Mudrick amekuja mlangoni, ana sura mpya anataka nimsikilize. Nimemwambia asubiri, tamthilia iishe.