Nyumba Jirani na Shule Isiyojengwa

Jumatatu, 18 Agosti

Mwenye nyumba amekuja asubuhi na soda mbili. Mtu akikuletea soda bila kuombwa, jiandae. Mwanawe anaoa, anaitaka nyumba, tutoke kabla ya mwezi kuisha. Nimemshukuru! Mke wangu Laurentine amenitazama kama mgonjwa. Lakini siku hii nimeingoja miaka minne. Kuhama ni nafasi ya mtu mwenye akili.

Binti yetu Naomie ametimiza miaka sita. Septemba anaanza darasa la kwanza. Siku hizi shule ya msingi ya serikali ni bure, kwa hiyo kila mtu anadhani shule zote ni sawa. Si sawa! Na kodi za nyumba, zile za serikali, nazo si sawa, kila upande wa mji una zake. Mtu apime kwanza. Mimi ni karani wa bohari la saruji na rangi, kupima ndiyo kazi yangu. Nimechukua daftari kubwa, nimechora safu mbili: shule, kodi. Nimekaa nalitazama mpaka chai ikapoa. Niliona nyumba ndogo yenye baraza. Jakaranda mbili. Naomie anarudi kutoka shuleni, mfuko mgongoni, anaimba. Na mbali kabisa, mdogo kama sisimizi, mtoza kodi anapita bila kugeuza kichwa.

Laurentine amesema shule iliyo karibu na reli inaandika watoto wiki hii tu. Inachukua kwanza watoto wa kartie yake, yaani mtaa wake, wenye karatasi ya makazi ya chefu wa kartie. Tupange vyumba palepale, amesema, yaishe. Nimemjibu kwamba haraka haraka haina baraka. Amejibu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Mwanamke huyu hapendi sayansi.

Kazini karani mwenzangu Mushiya ametangaza kwamba wanawe wawili wameshaandikwa. Nimemuuliza kodi ya kwao inakwendaje. Hajui! Miaka kumi anakaa mahali bila kujua kwa nini. Nimemhurumia mchana kutwa.

Jumatano, 20 Agosti

Nimeomba ruhusa kazini. Nimesema jino.

Kwanza shule ya reli. Vioo vyote vipo. Vyoo vina milango. Direkta, mwalimu mkuu, ni mama mwenye sauti ya chini, lakini akisema hata mbuzi wa uani wananyamaza. Ila mwaka jana darasa la kwanza lilikuwa na watoto tisini na wawili! Wanne benchi moja. Na upande ule mtoza kodi huja, huandika risiti, na huja tena. Nimeweka alama ya kuuliza.

Kisha ng'ambo ya reli. Darasa la watoto arobaini tu! Nilitaka kumkumbatia mlinzi. Baadaye nikaona sababu: mabati ya upande mmoja yalichukuliwa na upepo wa mwezi wa tatu, hayajarudi. Nimekaa kwenye benchi la mbele nikatazama mawingu. Yanakwenda polepole sana ukiwa umekaa. Kwa somo la jiografia si vibaya. Mlinzi amenigusa bega akaniuliza kama nimekunywa.

Nikaamua kuwauliza wenyeji kuhusu kodi. Kosa! Mwanamume wa tai, daftari kubwa mkononi, kalamu sikioni, anauliza watu wanalipa nini. Barabara nzima ilijifunga. Mama mmoja alifunika nyanya zake kwa kitenge, akakalia kikapu cha mikate. "Siuzishake kitu, tata," akasema. "Niko napumuzika tu." Mzee mmoja alinitolea kuku bila neno. Nimemkataa kwa uaminifu. Jioni tumekula bukari na sombe, ugali na majani tu, na nimemfikiria yule kuku zaidi ya ilivyofaa.

Ijumaa, 22 Agosti

Nimeipata!

Bohari limenituma na hati za saruji kartie ya Mukuyu, mwisho kabisa wa mji, ambako udongo wa mgodi umerundikwa hadi umekuwa kilima. Nikaona vijana wawili wa gileti, vizibao vya kazi, wanapaka namba nyekundu kwenye kuta. Moyo ulisimama. Hapa Kolwezi hata mtoto anayenyonya anajua maana ya namba ukutani: mgodi unakuja, watu watahamishwa, kila mwenye namba atajengewa nyumba mpya. Na penye nyumba mpya kampuni hujenga shule mpya!

Nilisimama pale kwenye vumbi na kila kitu kikawa wazi. Shule isiyojengwa haina kasoro hata moja. Hakuna kioo kilichovunjika. Hakuna mwalimu anayechelewa. Watoto kwa kila benchi: sifuri. Na nani atamtoza kodi mtu anayehamishwa? Safu zote mbili, ushindi. Sikuwauliza wale vijana chochote. Ukiuliza unaamsha waliolala.

Mwisho wa barabara nimemkuta Tata Banza, mzee mwenye lupango, kiwanja kizima: nyumba ya matofali mabichi, jiko, choo, banda la kuku. Anataka kuuza aende kulima Kasaji. Auze sasa! Maskini, hajui alichokalia. Tumeandikiana karatasi juu ya goti lake. Nimempa akiba yetu yote ya nyumba. Ameniuliza mara tatu kama nina hakika. Kisha amenishika mikono yote miwili, akapanda baiskeli, akaenda mbio ambazo sikuzitegemea kwa umri wake.

Laurentine sijamwambia. Nataka iwe zawadi.

Jumapili, 24 Agosti

Balaa. Nyumba yangu haina namba! Wale vijana wameiruka. Labda kwa sababu haina mlango walidhani ni gofu. Jirani ana 60, halafu basi, porini.

Nimetoka misani wakati wa mahubiri. Padri alikuwa amefika kwa yule mtu aliyejenga juu ya mchanga. Mahubiri hayo nayajua. Nimechukua kopo la rangi nyekundu bohari, nimekwenda Mukuyu, nimeandika 61 kwenye nyumba. Nzuri sana, iliyonyooka kuliko zao. Lakini brashi bado ilikuwa na rangi. Jiko: 62. Choo: 63. Banda la kuku: 64.

Nikakaa chini nikaziangalia. Nyumba nne mpya! Moja yetu. Moja ya Naomie akishakuwa injinia. Moja ya kupangisha. Na ya nne nitakaa peke yangu nikitaka kufikiri. Jua lilikuwa laini, upepo ulikuwa na harufu ya nyasi zilizoungua. Sijawahi kuwa na furaha namna ile nikiwa nimeegemea choo.

Majirani wote walikuwa nje wanasugua kuta zao kwa maji na mchanga. Siku ya Bwana! Watu wasafi mno. Nimeiandika daftarini, upande wa sifa.

Rangi imeingia kwenye shati la misa. Laurentine ameuliza. Nimesema nyanya. Amelinusa shati, amelikunja.

Jumanne, 26 Agosti

Nimewapeleka Mukuyu. Naomie amefumba macho nilivyomwambia, amefumbua, amepiga makofi. Amezisoma namba zote nne kwa sauti. Mtoto ana kichwa!

Laurentine ameuliza mlango uko wapi. Nimemwonyesha namba. Ameuliza maji yako wapi. Nimemweleza namba. Ameuliza shule iko wapi. Hapo ndipo nilipokuwa nangoja. Nimenyoosha mkono juu ya uwanja wa nyasi kavu, nikamchorea hewani: hapa madarasa sita, hapa bendera, hapa bomba, hapa kivuli ambapo utamngoja mtoto. Nimeeleza vizuri hata mimi niliisikia kengele. Nilipogeuka alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Papa Naomie," amesema, "rentrée ya masomo iko siku ya kwanza inayokuja."

Nimemwambia kampuni hizi hujenga haraka. Ameomba aone karatasi ya Tata Banza, ameisoma mara mbili. Akauliza kama pesa ilitoka yote. Nimesema yote. Ameinuka, amempangusa Naomie vumbi magotini, wamekwenda kulala kwa dada yake Godelieve. Furaha ikizidi, mtu hukosa maneno.

Alhamisi, 28 Agosti

Siku ya utukufu. Ndivyo nilivyoiandika saa moja asubuhi. Naiacha hivyo, kalamu yangu haifuti.

Nilisikia kwamba Mama Honorine, chefu wa kartie, atapita na wakubwa wawili wa namba. Nikavaa tai. Nikanunua juisi. Nikamwalika Mushiya aje aone kwa macho yake. Amekuja, na simu yake ya kupigia picha.

Mama Honorine alinisalimu kwa mikono miwili. Akawaambia wakubwa kwamba katika miaka yake yote hajaona raia kama mimi. Kartie nzima inafuta namba usiku na mchana, amesema, ila huyu tata ameziongeza mwenyewe. Mmoja akafungua mkoba akaniuliza kama ninakubali majengo manne. Nikakubali kwa sauti. Akaniuliza kama la nne linakaliwa. Nikasema bado, lakini litakaliwa! Akaandika, akapiga muhuri, akanipa karatasi.

Kodi ya nyumba. Majengo manne.

Nikasema kuna makosa, namba hizi ni za mgodi. Wakatazamana. Mama Honorine akanihurumia, nilimwona. "Mgodi gani, tata? Hizi njo za Leta, za serikali, za kuhesabia manyumba. Bale ba mgodi habajafikaka huku." Mushiya alikuwa anakunywa juisi yangu. Alipiga picha banda la kuku.

Nikafikiri: sawa, angalau sasa nina makazi, nina haki ya karatasi. Mama Honorine akaniandikia palepale. Nikakimbia nayo mpaka shule ya reli, tai begani. Direkta ameisoma. Amesema kwa ile sauti ya chini kwamba orodha ilifungwa Ijumaa, na kwamba mtoto wa Mukuyu anasoma Mukuyu. Nimesema Mukuyu hakuna shule. Amesema anajua.

Nimerudi kwa miguu. Kodi haikunitisha, kodi ni karatasi. Nimemfikiria Naomie siku ya kwanza ya mwezi, watoto wote wanapita barabarani, yeye amesimama kwenye nyumba isiyo na mlango anawahesabu. Nimeogopa. Sijui nimwambie nini. Nimekaa ukingoni mwa reli mpaka treni ya mizigo ikapita, behewa baada ya behewa, na sikuota kitu.

Jumatatu, 1 Septemba

Nilitaka kujificha bohari. Lakini saa kumi na mbili na nusu nilikuwa mlangoni kwa Godelieve, kwenda kuungama.

Naomie alikuwa amevaa shati jeupe na sketi ya buluu. Nywele zimesukwa upya. Nikauliza wanakwenda wapi. Laurentine akasema shuleni, kwani siku hii watu wanakwenda wapi.

Amemwandikisha Jumatano ile! Saa ile mimi nilipokuwa ng'ambo natazama mawingu, yeye alikuwa kwenye foleni shule ya reli, na karatasi ya chefu wa kartie mkononi. Zamu yake ya likelemba ilikuwa imefika, akina mama wa sokoni walimpa fungu lake, akapanga vyumba viwili nyuma ya shule siku ileile, kwa jina lake. Alitaka kuniambia Ijumaa jioni, amesema, lakini niliingia nyumbani nikicheka peke yangu, akaona angoje kidogo ajue nimefanya nini.

Nimemshika Naomie mkono mpaka langoni. Watoto wengi mno, vumbi, kelele. Aliingia bila kugeuka. Nimelia. Nimesema ni vumbi. Laurentine amesema ndiyo, ni vumbi, akanipa kitenge chake nijifute. Nimeona haya kweli, haya ya kumfanya mtu atazame viatu. Nimeapa moyoni kwamba sitachora safu tena maishani.

Ijumaa, 5 Septemba

Vyumba viwili si vibaya. Asubuhi unaisikia kengele ukiwa bado kitandani. Ila mtoza kodi amepita Jumatano. Na tena leo. Na darasa lina watoto tisini na sita, nimewahesabu kupitia dirisha mpaka direkta aliponitoa.

Mwalimu amemwita Laurentine. Leo amewafundisha watoto kusema jina lao na mahali wanapokaa, mmoja mmoja, wakisimama. Huyu karibu na soko, yule nyuma ya kanisa. Zamu ya Naomie ilipofika alisimama wima, akasema: "Papa angali anachagula."

Darasa zima limecheka. Laurentine alinieleza akiwa amenipa mgongo, anachambua sombe. Hakucheka. Mimi nimecheka mpaka nikaketi! Mtoto wa miaka sita, wiki ya kwanza, na tayari anajua kwamba mahali pa kukaa huchaguliwa, hapaokotwi njiani. Wenzake wamekariri barabara, yeye ameelewa jambo lenyewe. Kichwa kama hicho kibanwe kwenye benchi la watoto wanne?

Leo dereva mmoja wa lori amenieleza habari za mji wa Tenke, akipakia saruji. Amesema shule iko karibu na stesheni, watoto wanakaa wawiliwawili, mabati yote yapo, na mtoza kodi hakuna anayeujua uso wake. Nimemsikiliza mpaka akasahau mifuko mitatu. Naiona hiyo shule. Ina miti, nadhani. Lazima ina miti.

Kesho Jumamosi, siku ya posho, naondoka naye alfajiri. Laurentine ameuliza kama nitarudi jioni. Nimemwambia itategemea shule.