Kimya cha Siku Mbili, Makangale

Jumatano, 13 Agosti 2025

Pemba nzima, kuanzia Konde mpaka Mkoani, hakuna mwanamme mwenye kichwa cha kupanga mambo kama mie, Ridha wa Jadida. Skuli niliachia kidato cha pili, si kwa kushindwa. Walimu ndio walioishiwa cha kunifundisha. Simu iliyozama baharini naifufua. Ruweida alikuwa akitakwa na watu wanne, mmoja ana gari yake mwenyewe, nikamwoa mie mwenye baiskeli ya kuazima. Sasa pima.

Leo huyo Ruweida kaniweka kitako. Kasema ana miaka minane hajakaa saa moja bila kuitwa. Nahla anamwita, Suhaila anamwita, Haidar bado hajajua kuita lakini analia kwa maana ileile. Anataka twende mahali penye miti, mie na yeye, siku mbili, asisikie mtu. Siku mbili tu! Asipozipata wiki hii anapanda meli kwenda kwa dada yake Unguja, na siku ya kurudi hajui.

Kasema kwa sauti ya chini. Ruweida akipiga kelele siogopi. Akishusha sauti, ndipo naogopa.

Nikamwambia alale, keshazipata.

Alhamisi, 14 Agosti

Mahali tayari! Rafiki yangu Safari analinda shamba la watu kule Makangale, pembeni mwa msitu wa Ngezi. Ana banda la makuti, kisima na kuni. Kesho anakwenda Chake kumwangalia ndugu yake, harudi mpaka Jumapili. Banda letu.

Kilichobaki ni watoto. Wa kuachiwa ni mmoja tu, mama mkwe wangu, Bi Mwatum, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Sasa mwanamke yule umwambie unakwenda kupumzika? Atakuuliza unapumzika nini, umelima? Najua angeuliza. Mtu mwerevu haombi ruhusa, hupanga.

Nikaingia kwake uso nimeukunja. Nikasema kuna msiba. Mzee wetu wa upande wa baba kafia Makangale, kesho anazikwa, mie na Ruweida hatuna budi twende, tutarudi Jumapili. Bi Mwatum akakaa chini. Inna lillahi. Akauliza mzee gani. Loo! Jina sikuwa nimeliandaa. Likanitoka la mwanzo lililonijia mdomoni: Mzee Kificho. Akasema hamjui. Nikasema ndiyo, alikuwa mtu wa ndani sana. Nusura nilie mwenyewe.

Watoto kawachukua papo hapo. Nikamwambia wasijisumbue kuja, kule ni mbali, mie nitawawakilisha. Akasema msiba hauna kujisumbua. Nikaona tumeelewana.

Ruweida sijamwambia habari za maiti. Nimemwambia mama yake kafurahi sana.

Ijumaa, 15 Agosti

Asubuhi jirani yetu Mwanawema kamshika Ruweida mkono pale mlangoni, machozi yanamlenga, kampa pole. Ruweida kamshukuru, kasema ndivyo ulezi ulivyo. Nikamvuta mke wangu kabla hawajafika mbali.

Makangale, usiseme! Miti imekwenda juu, kivuli baridi, na matawini popo wetu wakubwa wamening'inia kama miamvuli iliyokunjwa. Ruweida katandika mkeka, kavua viatu, kafumba macho. Kimya.

Sasa kimya kile kikanitia wasiwasi. Isije ikawa hafurahi. Nikamuuliza kama anapumzika. Kasema ndiyo. Nikamweleza habari za popo, nikamhesabia mpaka mia na arobaini. Nikafungua redio ya simu asihisi upweke. Nikamwonesha ninavyopanda mnazi bila kamba. Nikamuuliza tena. Kwa jumla nimemuuliza mara tisa. Mara ya tisa kasema alikuwa anapumzika.

Shukurani ya punda hiyo! Nani mwengine Jadida nzima angemshughulikia mkewe mchana kutwa namna ile?

Lakini jioni kacheka. Popo mmoja kaniangushia kokwa la kungu katikati ya utosi, na Ruweida kacheka mpaka kashika ubavu. Cheko hilo sijalisikia tangu Haidar hajazaliwa. Kasogea kwenye mkeka, kanipa nafasi. Kasema kesho asubuhi tushuke ufukweni Vumawimbi, wawili tu, tukae tutazame maji.

Kaongeza kwamba redio ibaki bandani. Nimekubali. Mie ni mtu wa kukubali.

Jumamosi, 16 Agosti

Watu wa kisiwa hiki hawafai!

Saa tatu asubuhi. Tumeshavaa viatu, Ruweida kabeba chupa ya chai. Nasikia lori. Limesimama njiani, na ndani yake nusu ya Jadida: wanawake mbele, wanaume nyuma, gunia la mchele, dumu la mafuta, masufuria ya arusini. Na juu ya gunia, kama wakubwa wa serikali, wamekaa Nahla, Suhaila na Haidar. Wawili wanaita Mama, Haidar analia.

Yaani mtu akisema kuna msiba ndiyo kila mtu apande gari? Nimewakataza kwa mdomo wangu! Bi Mwatum akashuka ananilaumu mie, ati jana lori lilikuwa na karafuu za watu, ndiyo maana mazishi yamewapita. Lakini siku tatu za matanga hazijesha na wao si watu wa kumwacha mkwe wao peke yake na mchele mkavu. Wema mwengine bora uadui.

Ruweida akauliza kafa nani.

Mama yake akamtazama yeye. Yeye akanitazama mie. Mie nikatazama popo.

Hata hapo ningejiokoa. Nilishaanza kusema marehemu tumeshamzika salama, isomwe fatiha, kila mtu arudi kwake. Akapita bwana mmoja na baiskeli, kiherehere chake, akasikia jina. Mzee Kificho? Nyumba yake ile pale nyuma ya mikarafuu! Akatuonesha na kwa kidole. Jina nililolitoa kichwani mwangu kumbe lina mwenyewe. Haki ya Mungu, Pemba hii mtu huwezi kuzua hata maiti asiwe na anwani.

Wanawake wakatangulia wanalia. Mie nikafuata nyuma kwa sababu Bi Mwatum alinishika mkono wa shati. Tukamkuta Mzee Kificho kitako juu ya jamvi, anachambua karafuu na mkewe, Bi Asya. Mzima kuliko mie. Akauliza kilio cha nini, watu wazima. Wakamwambia wamekuja kumlilia Mzee Kificho. Akauliza kafa lini, mbona yeye hajaambiwa.

Wanawake wawili wakakimbia. Bi Mwatum hakukimbia. Akafungua kanga, akajifunga upya, taratibu, huku kanikazia macho. Nikajua leo ni leo.

Mzee akaniita mbele. Akaniuliza mie mjukuu wake wa tumbo lipi. Nikasema wa kiimani. Akanitazama, halafu akatazama gunia la mchele. Akasema chakula kilichotoka nyumbani kwa ajili ya msiba hakirejeshwi. Kipikwe, isomwe khitma ya wazee wake waliotangulia. Na yeye atakaa mbele, asikie mapema watu watakavyomsifu, maana siku yenyewe hatasikia.

Wakauliza wapi penye kisima na kuni za kutosha.

Bandani kwetu! Lori zima likahamia bandani kwetu. Ruweida wangu, aliyetaka asiitwe, kakaa juu ya mbuzi anakuna nazi za watu sitini, Haidar kamng'ang'ania mgongoni, Suhaila anavuta gauni, Nahla anauliza maiti yuko wapi. Kila apitaye anamwita: Ruweida chumvi, Ruweida upawa, Ruweida yakhe kuni zinatoa moshi. Mkeka wake wamekalia wasomaji. Popo wote wameruka, hakubaki hata mmoja.

Nilimwendea nikamwambia angalau pilau inanukia. Akaendelea kukuna. Na mie nimekosa nini? Mchele nimeuleta mie?

Jumapili, 17 Agosti

Mzee Kificho kasema aliyemzika bure atamchumia karafuu bure. Tangu alfajiri niko mtini. Majimoto, wale sisimizi wakali wa mtini, wameingia ndani ya suruali, wananing'ata mahali ambapo siwezi kujikuna mbele ya Bi Asya. Kila nikishuka kunywa maji, mzee ananiuliza msiba unaendeleaje.

Na wote kawaona werevu, mie tu ndiye mjinga!

Ruweida karudi jana na lori. Kakaa mbele na mama yake, hakugeuka. Aliyenipungia mkono ni Nahla peke yake. Kanipigia kelele kwamba msiba ulikuwa mzuri.

Jumanne, 19 Agosti

Nimeitwa kwa Bi Mwatum. Nilikwenda na hoja sita. Sikupata nafasi ya hata moja.

Hakugomba. Nilijiandaa kwa kugombezwa, si kwa hili. Kaniuliza kwa nini sikumwambia kwamba mwanawe kachoka. Kasema yeye kazaa saba, kuchoka anakujua. Ningesema tu, angewachukua watoto hata siku kumi, na halua ya njiani angetufungia. Ruweida alikuwa pembeni anakunja nguo za watoto. Aliacha kukunja kidogo, kisha akaendelea.

Maneno hayo! Wazee hawa wakishashinda ndipo wanapokuwa wema. Angekataa. Nina yakini angekataa. Sikumuuliza, lakini namjua.

Nyumbani Ruweida anazungumza na mie kama karani wa ofisi. Chai ipo. Chumvi imekwisha. Mteja kaja kuulizia simu yake. Sanduku lake la nguo lilikuwa juu ya kabati miaka yote, leo liko chini. Limefutwa vumbi.

Ijumaa, 22 Agosti

Hakwenda Unguja! Alhamdulillahi. Mie nilisema tangu mwanzo, Ruweida si wa kuniacha.

Kaenda Makangale. Siku mbili. Bi Asya, mke wa yule maiti wangu, kampigia simu, ati siku ile ya khitma alimwonea huruma, mtoto wa watu hakupata hata kukaa. Kampa chumba cha uani chenye dirisha la msituni. Nikamwambia Bi Mwatum basi awachukue watoto. Akajibu watoto wana baba. Hilo ndilo lile la siku kumi na halua! Nilikwambieni angekataa.

Mpaka saa tano asubuhi Haidar keshachovya simu ya mteja kwenye uji. Suhaila kanyoa nusu ya kichwa cha paka. Nahla kaniita kila dakika, na kila nikimuuliza anataka nini, anasema hataki kitu, anaita tu. Mtu ataishi vipi namna hii? Hakuna anayenionea huruma mie?

Lakini kichwa changu hakilali. Nimeshapanga. Safari yuko kule shambani. Mchana nampigia amwambie Ruweida kwamba nimeanguka, mguu umevunjika. Atakuja mbio. Mguu nimeshaufunga kitambaa, wa kushoto. Wala lori haliji mara hii, nimelifikiria hilo: kwa maiti watu hujazana, lakini mgonjwa nani ana habari naye? Mwanawema kachungulia dirishani kaona kitambaa, kaniuliza, nikamwambia nimevunjika. Katoka mbio hata kanga kaiangusha. Nadhani kasahau kitu jikoni.

Nikisema ukweli, na nauandika hapa kwa kuwa Nahla bado hajajua kusoma mwandiko wangu, si lori lililoharibu mambo. Si Mzee Kificho wala majimoto. Limeharibika moja tu, na limeharibika leo asubuhi. Gari ya Makangale ilipopiga honi nilikuwa nimeshakoga, nimeshavaa viatu, nimesimama mlangoni kwangu, nangoja Ruweida aniambie panda.

Kaniambia uji uko jikoni.