Daktari Aliyeamini Salamu Zangu

Ndugu Mganga Mfawidhi,

Baada ya salamu nyingi, ambazo naomba usizichukue kama taarifa ya afya yangu, nakuandikia kwa unyenyekevu kumlalamikia Dokta Hudhaifa wa kliniki yako ya maumivu sugu. Kijana ana adabu mno, na adabu yake itanimaliza.

Mimi ni mchonga vinyago, mkazi wa Vingunguti. Mgongo unanitesa miaka mingi. Nikiinama kuokota patasi, mke wangu Filomena ndiye huja kuninyoosha. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kila nikiingia, daktari husimama na kuniamkia. Naitika marahaba. Za nyumbani? Nzuri. Na mgongo, mzee? Sasa mimi, mtu niliyelelewa, nimmwagie mtoto wa watu maradhi hata sijakaa? Najibu haujambo, tunamshukuru Mungu. Basi anaandika! Ameshanipunguzia dawa mara mbili kwa sababu ya salamu.

2. Muuguzi Jenipher hunipigia simu kufuatilia maendeleo. Safari iliyopita alinikuta nimelala sakafuni, nimeshindwa kuinuka, Filomena ananivuta mkono. Nikamwambia sisi wazima kabisa, sijui nyie huko. Alifurahi sana. Nami nikafurahi kwa kuwa amefurahi.

3. Alhamisi nafutwa kliniki, eti nimepona. Jamani, nimepona mdomo tu! Bila dawa siwezi kukaa kuchonga, na kazi nyingine siijui. Naogopa, ndugu yangu.

Kwa hiyo naomba salamu zipigwe marufuku kliniki nzima. Ikishindikana, nipewe daktari asiye na adabu, anayeanza kwa kufoka. Hata hilo likishindikana, aulizwe Filomena, ambaye kwa habari za mgongo wangu hana haya hata kidogo, na huanza kujibu kabla hajaulizwa.

Nisalimie wauguzi, mfamasia na yule mama wa mapokezi. Sisi hapa hatujambo sote.

Wako mwenye maumivu makali,
Kasimiri Adelard

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, Muuguzi Jenipher amepiga kuuliza kama nina lalamiko lolote kabla ya Alhamisi. Kaniuliza kwa upole kweli. Nimemjibu sina, ila shukrani tu. Ameshaandika. Naomba barua hii uichane, mtoto wa watu asije akaonekana mwongo.