Mfungo wa Afande Oyat

Afande Oyat alitangaza kanisani, mbele ya watu na malaika, kwamba Krismasi hii hatatia kitu mdomoni ila Neno la Mungu!

Alisimama pale mbele, tumbo limemtangulia kama king'ora cha msafara wa rais, akatukaripia. "Krismasi kwenu ni nguruwe na bia! Mwokozi anazaliwa, ninyi mnagombania mbavu! Mimi nitafunga. Mtaniona!"

Tulimwona.

Oyat ni polisi mstaafu, siku hizi mzee wa kanisa katika ibada yetu ya Kiswahili pale Nateete, Kampala, ambako Waacholi na Wakongo tunaimba pamoja, kila mtu kwa sauti yake. Sasa mchungaji akafikiri: nani salama zaidi wa kukabidhiwa chakula kuliko mtu aliyefunga? Krismasi, ibada ilipokwisha, akampa sufuria kubwa ya pilau na kuku wawili wa kukaanga, ampelekee Koko Victoire.

Koko ni bibi wa Kikongo anayekaa Kyambogo na mkwe wake, Julienne. Alivunjika mguu kabla ya Pasaka, na tangu hapo hajakanyaga kanisani. Alikuwa ametuma ujumbe: "Nileteeni mtu anisomee habari ya kuzaliwa kwa Bwana, kisha aniombee." Chakula hakukiomba. Hicho tuliongeza wenyewe.

Mimi nilipewa kreti ya soda. Tukapanda bodaboda mbili. Yangu ikafika. Ya Oyat ikayeyuka.

Nilimkuta Koko ameogeshwa, amevishwa kitenge kipya, ameketi wima kitini kama malkia anayesubiri balozi. Majirani walijaa hadi mlangoni. Hakuna aliyekuwa amegusa hata maji.

"Maombi kwanza," Julienne aliniambia. "Koko amekataa kula mpaka asikie Neno."

Tukangoja. Jua likahama kutoka mlangoni likaingilia dirishani. Koko hakuegemea kiti hata mara moja.

Hatimaye Oyat akafika. Alishuka kwenye pikipiki kwa awamu, kama kontena linaloshushwa bandarini.

"Foleni, jamani! Foleni!"

Foleni! Kampala ya Krismasi, ambayo nusu ya watu wamekwenda kijijini na barabarani unaweza kutandika kitanda ukalala!

"Foreni gani, sebo?" akadakia Zubairi, dereva wake wa bodaboda, ambaye kwake r na l ni mapacha. "Si turipitia Kabaragara kwa rafiki yako Odoch? Mimi umeniacha nje, wewe unakura nguruwe! Harafu kira kona unaniambia simama, nionje kuku kama hajaharibika. Mzee huyu amekura njia nzima!"

Kutoka Nateete kwenda Kyambogo kwa kupitia Kabalagala! Huyo ni mtu anayekwenda Gulu, kaskazini, kwa kupitia Kabale, kusini!

"Kumbe ilikuwa kura ya siri," nikasema.

"Na matokeo yanaonekana," akajibu jirani mmoja, akilitazama tumbo.

Julienne akafunua sufuria. Shingo mbili, bawa moja, na ukoko wa wali. Akafunika. Akaenda uani kusonga ugali na kuchemsha sombe, yale majani ya muhogo aliyokuwa ameyatwanga kwa ajili ya kesho.

"Papa," Koko akasema, "chakula kitapatikana. Wewe tusomee."

Oyat akapapasa koti, kushoto, kulia, kwapani. Biblia ilikuwa imebaki kwa Odoch, huko kwenye mbavu. Hapo mtu mwenye aibu angekiri. Afande Oyat? Thubutu!

"Mtumishi wa Mungu hahitaji kitabu!" akanguruma. "Neno liko humu ndani!"

Akapiga tumbo. Tumbo likamjibu, tena kwa kirefu.

"Basi," akaanza, jasho likimtiririka, "siku zile Yusufu na Mariamu walisafiri, na njaa ikawauma sana. Wakafika hotelini, hotelini kumejaa, na jikoni hakuna kitu. Na kondeni kulikuwa na wachungaji, wakichoma... wakichunga kondoo. Malaika akawaambia kimbieni. Wakakimbia, wakamkuta mtoto amevikwa majani ya ndizi, amelazwa katika sufuria."

Koko akatega sikio.

"Katika nini?" akauliza Koko.

"Sufuria. Yaani sinia. Ile ya... ng'ombe."

"Hori," Koko akamsaidia, polepole, kama anayemfundisha mtoto kutamka.

"Tuombe!" akasema Oyat haraka. Tukafumba macho. Akavuta pumzi ya kuita mbingu, akafungua kinywa, na badala ya Baba yetu ikatoka mbweu. Ndefu! Yenye nguruwe ndani yake, na limau, na kitunguu!

Wakati huohuo Julienne akaingia na ugali unaofuka moshi. Sahani ya kwanza, iliyojaa kuliko zote, akaiweka mbele ya Oyat. Kwao mgeni ndiye anayetangulia. "Papa, karibu. Anza wewe, nasi tule."

Oyat akaitazama ile sahani kama mtuhumiwa anavyomtazama hakimu.

"Mimi..." akameza mate. "Mimi nimefunga."

Mafuta ya kuku yaling'aa kidevuni.

"Sogea, mwanangu," Koko akasema. "Piga magoti."

Mimi na Zubairi tukamshusha, mmoja huku, mmoja huku. Nilidhani atakemewa, na nakiri nilikuwa nimejitayarisha kufurahi. Koko akaweka mkono wake mkavu juu ya kile kichwa kilichotoa tangazo kanisani.

"Bwana," akaomba, "mtoto wako huyu ana njaa. Amezunguka mji mzima leo na hajapata chakula. Umlishe."

"Amina!" tukaitikia, Zubairi na Uislamu wake akiwa wa kwanza.

Kisha Koko mwenyewe akatusimulia habari ya kuzaliwa kwa Bwana, yote, bila kitabu, machozi yakimtoka. Tukamsikiliza mpaka mwisho, tukala. Afande Oyat alisikiliza yote akiwa amepiga magoti. Jirani mmoja akasema, tazameni unyenyekevu! Ndipo Oyat akaninong'oneza:

"Ndugu yangu, niinue huku umenishikia suruali. Mkanda umekatika."